Hakukuwa na Jiwe Ndani ya Pampu

Watu wengi wanaamini kwamba pampu inavuta maji. Haivuti. Juu ya jambo hili nimebishana na Mbelgiji, nikabishana na mkurugenzi wa kwetu, nikabishana na mtu mwenye bunduki, na hata sasa, umri ukiwa umenifikisha mahali pa kunyamaza, anayetaka kubishana nami na aje. Pampu inayasukuma tu yale maji yaliyokwisha kuifikia mdomoni. Kinachoyafikisha mdomoni ni hewa, hii hii tunayoivuta puani, ambayo inalikalia ziwa lote kwa uzito wake na kuyasukumiza maji yapande ndani ya bomba. Uzito huo una mwisho wake. Ukiiweka pampu juu mno, ukaipa bomba refu, jembamba, lenye kona, hewa inashindwa njiani na pampu inaanza kulia. Na pampu ikilia, anayeulizwa ni yule anayeishika. Pale Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, aliyeishika nilikuwa mimi.

Niliingia kazi hiyo miaka michache kabla ya uhuru, nimetoka shule ya ufundi ya mapadri na vidole kumi na kiburi kisichohesabika. Pampu ilikaa ndani ya kibanda cha matofali kando ya barabara, juu kabisa ya ufuko. Bomba la kunyonyea liliteremka mpaka ziwani. Bomba la kupandishia lilikwenda hadi kwenye tangi mlimani, na kutoka tangini maji yalishuka kwenye nyumba za wazungu na kwenye hospitali. Sisi wengine tulikuwa na ziwa na ndoo. Kutoka uso wa maji hadi sakafu ya kibanda palikuwa na kimo cha watu wanne waliopandana mabegani. Kibanda kiliwekwa huko juu kwa sababu Bwana, yule Mbelgiji aliyesimamia kazi, alitaka kukiona kutoka barazani kwake bila kuchafua viatu.

Na pampu ililia. Sisemi ngurumo ya mashine ya mazuti, yaani dizeli, iliyoizungusha, hiyo ilikuwa na haki yake. Nasema sauti ya ndani ya pampu yenyewe, kama mtu anayekoroga kokoto katika sufuria. Watu waliotoka Sange na mizigo yao ya mchele waliisikia kabla hawajafika sokoni, wakasema pampu ya Uvira ina nguvu. Nguvu gani! Kilichokuwa kikilia ni chuma kikiliwa. Kila baada ya miezi michache tuliifungua, tukatoa gurudumu la mapezi, yaani kile kitu cha ndani kinachozunguka na kuyarusha maji, tukalikuta limetobokatoboka mithili ya muhogo mkavu ulioingiliwa na dumuzi. Tukaweka jipya, nalo likaliwa.

Bwana alikuwa na jibu lake tayari.

"Majiwe!" alisema kwa Kiswahili chake cha kuamuru. "Banatiya majiwe!" Yaani watu wanatia mawe ndani ya pampu.

Sikuwahi kuona jiwe. Kila tulipofungua pampu nililipapasa tope la ndani kwa vidole, nikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, nikitafuta hata punje moja. Palikuwa na utelezi wa kijani, magamba ya samaki, basi. Nilipomwambia hivyo, alinitazama kana kwamba mbuzi amemsalimu kwa Kifaransa.

Sasa niseme na kosa langu, maana mficha uchi hazai. Siku moja mke wa mzungu mmoja alifungua koki ya bafuni akakuta ndagala. Ndagala ni vile visamaki vyetu vya ziwani, vidogo kuliko kidole, na yule wa kwenye koki alikuwa amekufa siku nyingi. Nilifokewa mpaka masikio yakavuma. Nikaona nitawaonyesha kwamba mtoto wa ziwa anajua kuzuia ndagala. Nilichukua kipande cha wavu wa ndagala, ule wenye matundu madogo kuliko yote, nikaukunja mara mbili na kulifunga lile kapu la chuma lililokaa mwishoni mwa bomba ndani ya maji. Mtu wa mahali pengine asingefikiria jambo hilo. Sisi tunaona wavu kuwa dawa ya kila kitu. Ndagala hawakuingia tena, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Lakini kelele ya pampu iliongezeka, na gurudumu jipya likafa kabla ya wakati wake.

Bwana aliamuru kapu litolewe. Lilipopanda juu ya maji, wavu ulikuwa umejaa utelezi hata huoni tundu. Maji yalikuwa yakipita kwa taabu. Nilitamani ziwa linimeze. Yeye hakuangalia wavu kwa muda mrefu. Aliingia ofisini, akatoka na karatasi iliyoandikwa Kifaransa, kwamba kwa uzembe wangu mawe yaliingia na kuharibu gurudumu. Nikasaini. Nilisaini kwa aibu ya wavu, nikijua kabisa kwamba neno lililoandikwa ni mawe. Kalamu ile inaniuma mpaka leo.

Maana tulipouondoa wavu, pampu haikunyamaza. Ilirudi kulia vile ilivyokuwa ikilia zamani. Wavu ulikuwa wangu, naukubali. Zile kelele nyingine zote zilikuwa za mtu aliyeweka kibanda mahali pa kutazamia.

Uhuru ulipokuja, Bwana aliondoka na masanduku yake, akaniachia funguo juu ya meza bila kusema kwaheri. Nikabaki na pampu, na kitabu cha mtengenezaji, na ukimya wa watu ambao hawakujua nani sasa atamfokea nani. Nilikisoma kitabu kile ukurasa kwa ukurasa. Palikuwa na ukurasa mmoja tu kuhusu njia ya maji kuingia: bomba liwe fupi, liwe nene, linyooke, pampu iwe karibu na maji. Bomba letu lilikuwa na kona kali kiganja kimoja tu kabla ya mdomo wa pampu. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Kisha mvua zikaja zisizo na adabu, mwaka baada ya mwaka, na ziwa likapanda. Wakubwa wa ufukweni wanaikumbuka miaka hiyo. Maji yalikula mashamba ya mihogo, yakala njia za miguu, yakaingia katika nyumba za watu wa chini. Na kadiri yalivyopanda kuelekea kibanda changu, pampu ililegeza kelele. Siku moja nilifika asubuhi, nikawasha mashine, na pampu haikulia kabisa. Nilidhani imekauka. Niliweka kiganja juu ya bomba la kupandishia, nikasikia maji yakipita kwa nguvu kuliko siku zote. Sikuwa nimebadilisha hata skrubu moja. Ziwa ndilo lililosogea.

Hapo nikaelewa, na kilichonielewesha ni maharagwe. Mama yangu alizaliwa juu, kwenye nyanda za milimani wanakochunga ng'ombe, akaolewa huku chini. Nilipomsindikiza kwenda kusalimia kwao, jambo moja lilimuudhi kila safari. Maji yalichemka upesi, yakafoka, lakini maharagwe yalibaki magumu mpaka jua linaelekea kuzama. Wajomba zangu walisema ndivyo ilivyo, huku juu maji yanachemka kabla hayajapata moto. Hewa ya mlimani ni nyepesi, haiyakandamizi maji, basi hayangoji moto mwingi ili yafoke. Ndani ya bomba la kunyonyea mambo ni yale yale. Maji yaliyopandishwa mno, yakabanwa na bomba jembamba na kona, yanakosa wa kuyakandamiza, yanachemka yakiwa baridi. Viputo vinazaliwa kwenye mdomo wa gurudumu. Vikifika katikati ya mapezi, maji yanabanwa tena, kila kiputo kinafumba ghafla na kukigonga chuma. Pigo moja si kitu. Ni maelfu, mchana kutwa, na chuma kinamegeka punje kwa punje. Sauti ya kokoto ni hiyo, na kokoto hazimo.

Nilimweleza mkurugenzi wetu mpya, mtu wa kwetu mwenye tai, aliyekuja kushika kiti cha Bwana. Alinisikiliza huku akitazama dirishani, ambako ziwa lilikuwa limefika mahali pa kuegesha magari. Alichosikia ni kwamba maji yanaisogelea pampu. Aliapa kwamba ziwa halitakula mali ya taifa. Akaamuru pampu ihamishwe juu zaidi, upande wa pili wa barabara, na kwa kuwa bomba halikutosha, tukaongeza jembamba lililokuwa ghalani, likapita chini ya barabara kwa kona mbili. Nilikataa mbele yake. Aliniuliza kama nataka kazi. Niliifunga pampu ile kwa mikono yangu huku nikisema kila tulipokaza nati kwamba italiwa. Tulipoiwasha, ililia kuliko wakati wa Bwana.

Ikaanza kula magurudumu. Mkurugenzi alifungua kabati, akatoa faili langu, akasoma ile karatasi, akanitazama kwa huzuni ya kujifanya. Mawe, alisema. Hata uhuru haukuyaondoa.

Ndipo waasi wakaingia Uvira. Wanajeshi wa serikali walitoka mjini asubuhi moja, mkurugenzi akavuka mpaka kwenda Bujumbura na tai yake, na kabla ya saa sita mchana wapiganaji walikuwa barabarani. Walinyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na miiko. Asiyenyunyiziwa hakuruhusiwa kuwagusa, wala hawakupokea kitu kutoka mkononi mwake. Ukitaka kumpa mpiganaji chakula, unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakiokota. Tulizoea upesi, kama mtu anavyozoea kila kitu.

Hospitali ilijaa. Mke wangu alikuwa akifua mashuka huko, na yeye ndiye aliyeniambia hali ilivyo: majeruhi sakafuni, kina mama wanaojifungua, na maji yanakuja kidogo kidogo. Pampu ilikuwa na gurudumu lililokwisha kuwa ungo, na katika sanduku langu lilibaki moja, la mwisho. Mtengenezaji alikuwa Ulaya. Hakukuwa na njia ya lingine kufika.

Kamanda wao alikuja kibandani baada ya siku chache. Alikuwa mtu mfupi, sauti ya chini, aliyetoka upande wa kusini. Alifuatwa na karani wake, mwalimu wa zamani kutoka bonde la Ruzizi, ambaye alibeba faili kwapani. Nililijua faili lile: lilikuwa langu, lililotoka kabatini mwa mkurugenzi.

"Weye njo muntu wa pampu?" kamanda aliuliza.

"Njo minye, Komanda."

"Juu ya nini inalia vile? Mawe iko ndani."

"Mawe haiko. Pampu iko juu sana, na njia ya maji kuingia ni mubaya."

Karani alifungua faili. "Hapa ulitiya saini na mukono yako. Mawe iliingia. Saini hii si yako?"

"Ni yangu. Na mawe haikuingia."

Walitazamana. Kisha karani akanijia kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko bunduki.

"Sikia, ndugu. Hii karatasi si haya kwako. Ulitiya mawe mu pampu ya wazungu, ni kazi ya muzuri, ni kazi ya mapinduzi. Sema tu hivyo mbele ya watu, tutakuweka mukubwa wa maji yote ya Uvira. Na mawe ya sasa, utaomba musamaha, utapata fimbo kidogo, inaisha."

"Na akikatala?" kamanda alimuuliza, akinitazama mimi.

Kamanda akajijibu mwenyewe. "Hospitali ikikosa maji, nitajua nani aliikosesha. Na weye utajua nitakufanya nini."

Sitadanganya kwamba sikutamani. Niliogopa. Neno moja tu, na ningegeuka kutoka mhalifu kuwa shujaa, kwa jiwe ambalo halikuwahi kuwapo. Lakini nilifikiri mpaka mwisho wake. Ningekiri mawe, wangefunga gurudumu la mwisho kwenye bomba lile lile, lingeliwa kabla ya mwezi kwisha, na hospitali ingekauka. Halafu wangerudi kuniuliza nani ametia mawe tena. Juu ya hayo nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimebeba mawe ya Bwana, nikabeba ya mkurugenzi, na mgongo wangu ulikuwa umechoka.

"Komanda," nikasema, "nipe nafasi kidogo, nikuonyeshe kitu."

Nilishika koki kubwa ya bomba la kupandishia, ile inayozuia maji yanayotoka, nikaizungusha kuifunga kwa nusu. Kelele ya kokoto ikapungua, ikapungua, ikabaki mvumo wa kawaida. Nikaifungua, kokoto zikarudi. Nikafunga tena, kimya. Maji yakipita machache, bomba haliyabani sana, hayachemki. Hayo sikuyasema. Nilisema hivi:

"Kama mawe iko ndani, juu ya nini inanyamaza nikifunga koki ya huku mbele? Mawe inasikia mukono yangu?"

Mpiganaji aliyesimama mlangoni alirudi nyuma hatua mbili. "Huyu iko na dawa!" alisema.

Kwa bahati, kamanda hakucheka wala hakukasirika. Alitazama koki, akatazama mkono wangu, akaniambia nifanye mara ya tatu. Nikafanya. Akasema nina siku tatu za kuitengeneza. Pampu ikilia siku ya tatu, basi.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekwisha kusikia, Uvira haifichi neno. Alinikalisha.

"Baba ya batoto, kubali. Fimbo inapona. Kufa haiponi."

"Nilikubali mara moja, mama. Ona mahali ilinifikisha."

Alipangusa mikono ambayo haikuwa na maji. Alikuwa amenikasirikia, na alikuwa na haki. Kisha akauliza, "Unahitaji watu ngapi wa kuvuta?"

Niliihitaji Uvira nzima. Nilitaka kuishusha pampu pamoja na mashine yake mpaka kwenye mwamba uliokaribia maji, kimo cha mtu mmoja tu juu ya ziwa. Kulikuwa na wavuvi wa Makobola waliokuja kuuza samaki wakakwama mjini kwa sababu barabara imefungwa. Wanajua kuteremsha mitumbwi mizito juu ya magogo, na mashine ya mazuti kwao ilikuwa mtumbwi wenye tabia mbaya. Walitanguliza magogo, wakaiongoza. Wafuaji wa hospitali, mke wangu akiwa wa kwanza, walishika kamba nyuma ili isikimbie mteremko. Wapiganaji walitulinda bila kugusa chochote. Mvuvi mmoja aliwauliza kama mwiko wao unakataza na jasho, na nilidhani atapigwa risasi, lakini mmoja wao alijificha kucheka.

Bomba nene nililipata katika uwanja wa kiwanda cha pamba kilichofungwa. Lilikuwa pana kuliko mdomo wa pampu, na ndivyo nilivyotaka, maji yaje polepole, yasibanwe. Ila lazima lipungue mahali fulani ili liungane na pampu. Nilimpelekea kazi hiyo fundi wa kuchomelea, mzee mwenye fahari ya mkono wake, aliyetaka kunitengenezea faneli nzuri ya duara, inayopungua sawasawa pande zote. Nikamwambia hapana, upande wa juu unyooke kabisa, upungue upande wa chini peke yake.

"Hiyo ni kilema," alisema. "Watu watasema minye nimezeeka."

"Baba, ukiacha mugongo huku juu, hewa itakaa ndani kama mugeni asiyeaga. Tengeneza kilema."

Alitengeneza kilema, akanung'unika siku nzima, na kilikuwa kilema kilichochomelewa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Kona hatukuweka hata moja. Bomba lilitoka pampuni likanyooka, likateremka majini. Kapu la mwisho tulilifanya kubwa, nikalizamisha kina cha mtu aliyeinua mikono, ili maji yasizunguke na kuvuta hewa kutoka juu. Mke wangu aliniuliza ndagala je. Nikamwambia mlango ukiwa mpana, maji yanaingia kwa utaratibu, ndagala anaweza kugeuka akaenda zake. Wavu sikuutaka hata kuuona.

Siku ya tatu nilifunga gurudumu la mwisho. Nikaangusha nati ziwani, mvuvi akaizamia. Tulijaza pampu na bomba maji kwa ndoo mpaka hewa yote ikatoka. Kamanda alifika na karani, akasimama juu ya mwamba, mikono nyuma.

Nikawasha. Mashine ya mazuti ikakohoa, ikashika. Pampu ikazunguka, nami nikafungua koki kubwa mpaka mwisho. Hakuna kokoto. Nilitega sikio kwenye tumbo lake, nikasikia mvumo laini, basi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Kamanda alikunja uso. "Haifanyi kazi," akasema. "Haina sauti."

Nikaona usoni mwa watu wote waliokuwapo kwamba nao wanafikiri hivyo. Miaka yote hiyo walikuwa wameijua pampu kwa kilio chake. Pampu isiyolia kwao ilikuwa imekufa. Hata fundi wa kuchomelea alinitazama kwa huruma. Nikamwambia kamanda aweke mkono kwenye bomba. Hakutaka, kwa kuwa bomba nilikuwa nimeligusa mimi. Mpiganaji mmoja alishusha bunduki begani, akaishika kwa mikono miwili. Tukangoja hivyo, nami nikihesabu moyoni jinsi maji yanavyopanda mlima, yanajaza sakafu ya tangi, yanateremka kwenda hospitali. Nilijua yako njiani. Kujua huko hakukunizuia kuogopa.

Tulisikia vigelegele kabla ya kuona mtu. Kisha mke wangu akatokea barabarani, ambaye sikujua hata kwamba ameondoka, amejitwika beseni, anateremka mbio na maji yanamwagikia mabegani. Lilikuwa beseni la kufulia, limejaa maji ya koki ya hospitali. Alifika mbele ya kamanda, akaliweka chini, akarudi nyuma hatua tatu kwa adabu yote ya miiko yao, akasema, "Komanda, angalia kama mawe iko ndani."

Kamanda alichutama. Aliingiza mkono, akapapasa chini ya beseni kama nilivyokuwa nikipapasa tope. Akauinua mkono juani, mtupu, ukidondosha maji. Akasema hospitali isikose tena, akageuka kwenda.

Ningeishia hapo kama si karani. Karani alikuwa amekaa juu ya mwamba akiandika. Aliweka karatasi chini, akarudi nyuma kidogo, nami nikaiokota. Mshtakiwa ameyaondoa mawe aliyoyatia, pampu inafanya kazi, amesamehewa. Mahali pa saini palikuwa wazi.

"Hapa uliandika mawe," nikasema.

"Ni neno tu. Tiya saini, urudi kwa watoto yako."

"Mukubwa wako ametiya mukono mu beseni sasa hivi. Andika bomba."

"Bomba haiwezi kufanya kosa. Kosa iko na muntu tu."

"Basi andika muntu aliyeiweka. Minye nilimukataza."

Kamanda alisimama, akarudi. Aliniambia nisaini. Mke wangu aliniambia nisaini, kwa macho kwanza, halafu kwa mdomo. Wavuvi walitazama maji. Niliwaambia wote kwamba pampu itafanya kazi na nitaitunza, usiku na mchana, kwa serikali yoyote, ila neno lile sitaliandikia jina langu mara ya pili. Waniue, na watafute mwingine anayejua kuijaza maji.

Hawakuniua. Waliniamuru nilale juu ya mwamba wakanichapa fimbo kumi na mbili, na sitasema haziumi. Walipomaliza, karani, mtu wa utaratibu, aliandika karatasi nyingine, kwa kuwa kila adhabu ilitaka karatasi yake. Nilimwomba anisomee kwa sauti, wote wasikie. Akasoma: amepigwa fimbo kumi na mbili kwa kukataa kusaini.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikaomba kalamu, nikaisaini hiyo.